Santuri za Nyumba ya Matanga

Ramallah, 4 Machi 1996

Shangazi Rasmiya, shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Kifua cha Baba kimepoa tangu baridi ipungue, ila bado anabishana na daktari juu ya sigara utadhani daktari ndiye mgonjwa. Mama amekuwekea zaatari na zeituni za kuponda. Tunangoja mtu wa kuvuka daraja la mpakani kuja Amman, na daraja lenyewe leo wazi kesho limefungwa, unajua mwenyewe.

Mimi nimeacha ualimu. Usishtuke, sijafukuzwa. Hapa imefunguliwa nyumba ya kuhifadhi muziki, nami nimepata kazi humo. Tunatafuta muziki wa miji yetu wa kabla ya 1948, wa Yafa, Haifa na Quds. Nyimbo za vijijini zipo, watu wanaziimba harusini mpaka leo. Sisi tunatafuta ule wa kumbi na mikahawa, wa waungwana wa tarbushi waliokaa vitini na fidla, udi na ganuni. Wapo wanaotuambia haukuwepo, kwamba siku zile tulikuwa tunasikiliza ya Kairo tu. Maneno hayo yananikera mpaka nakosa usingizi.

Juma lililopita mzee mmoja fundi saa alituletea santuri ya Yafa. Ilipigwa mkahawani miaka na miaka kwa sindano za chuma, imekwisha. Ukiiweka inakaanga tu kama vitunguu, huku chini yake unahisi kuna mtu anaimba. Karatasi ya katikati imechanika, lakini maneno mawili yamebaki: Wajih, fidla. Yule mzee akaniuliza, "Wewe si wa ukoo huo? Bibi yako alitoka Yafa na santuri zote za kundi lile." Nikaenda kumuuliza Baba. Akasema, "Muulize shangazi yako," akatoka kwenda kununua mkate, na mkate ulikuwa mezani.

Basi nakuuliza wewe. Zipo? Ihab, fundi wetu wa mitambo, anasema tukipata hata moja isiyochakaa, ataweza kuinakili ikasikika vizuri.

Wako,
Rudayna


Amman, 6 Aprili 1996

Mwanangu Rudayna,

Barua yako imefika jana ndani ya soksi ya aliyeileta, kwa hiyo nimeisomea dirishani. Zaatari nayo imefika, namshukuru Mungu haikupitia njia hiyo hiyo. Mwambie mama yako Mungu aidumishe mikono yake. Nimeila na mkate wa moto nikahisi nimekaa jikoni kwenu.

Mimi ni mzima ukiondoa goti. Nashona bado. Msimu wa harusi unakuja, na nusu ya wasichana wa mlima huu hawakubali gauni asipolikata Rasmiya. Nawavalisha, nawapiga busu, wanakwenda zao karamuni, na mimi nafunga mlango.

Kwa hiyo Adli alikwenda kununua mkate. Ndiye huyo huyo ndugu yangu ninayemjua.

Ulilouliza: zipo. Ziko chini ya kitanda changu, zimesimama wima kama mama alivyozipanga, kila moja na shuka lake, na kila kiangazi nazipangusa. Hakuna iliyopasuka. Hazijalia tangu tutoke Yafa, na ndiyo sababu ni nzima. Wenzetu waliokuwa nazo walizipiga zikaisha.

Lakini kwangu hakupigwi muziki. Hilo unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuja na kiredio chako nikakuambia ukizime, ukanuna mpaka jioni. Hukuniuliza kwa nini, na mimi sikukueleza. Tuliache hapo hapo.

Habari zako wewe ni zipi? Una miaka ishirini na tisa. Siulizi kwa ubaya, nauliza kwa kuwa mimi ni fundi wa magauni.

Shangazi yako,
Rasmiya


Ramallah, 9 Mei 1996

Shangazi mpenzi,

Sikukuu imepita salama. Tulikukumbuka kwenye kila sahani, na Mama aliunguza kidogo maamuli, vile vibiskuti vya tende, akasingizia jiko. Baba hajambo. Nilipomsomea barua yako alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwandiko wake bado mzuri," basi.

Shangazi, tangu nijue kwamba zipo situlii. Ihab anasema santuri isiyopigwa miaka yote hiyo ni jambo la ajabu, hajawahi kuiona. Nimezungumza na mkurugenzi wetu, naye ametia sahihi karatasi niliyoiambatisha, yenye mihuri, inayosema zitabaki mali yako na zitarudi kwako kama zilivyotoka. Ihab atazitengenezea kasha lenye sufi ndani.

Kama ni jambo la dini, naliheshimu. Hutalazimika kusikia hata mlio mmoja. Mtu wetu atakuja, atazichukua kimya kimya, tutazipigia huku mbali nawe, kisha tutakurudishia chini ya kitanda. Nyumba yako itabaki na utaratibu wake. Ihab anasema kazi yenyewe ni ya juma moja. Hata jirani hatajua.

Wako anayekusumbua,
Rudayna


Amman, 11 Juni 1996

Rudayna,

Nimeipokea. Karatasi yako ya mihuri ni nzito, imenifaa: nimeikata nikapimia kola.

Mama yako mwambie kila jiko duniani huunguza maamuli siku ya sikukuu, asijali.

Sasa nisikilize. Dini imeingiaje hapa? Nasali sala zangu tano, na sijapata kumwambia mtu kuwa fidla ni haramu. Kaka yangu alikuwa mpiga fidla. Wajih alikuwa akirudi kutoka ukumbini tunasikia viatu vyake ngazini na mama anaamka kumpashia chakula, na mimi najidai nimeamka kwa kiu ili nimsikie akimsimulia nani kaimba vibaya. Alikuwa na ulimi, Mungu wangu. Ungempenda.

Aprili ile ya 1948, vita ilipofika Yafa, alitupandisha kwenye lori: mama, mimi, na baba yako wa miaka minane akiwa amelala mapajani pangu. Mama aliacha masufuria yake ya shaba akabeba santuri katikati ya magodoro. Watu wa lori wakamsema vibaya. Akawajibu, "Mwanangu atazitaka." Wajih akasema anarudi mara moja kuchukua ganuni ya mwenzake iliyobaki ukumbini, atatukuta Lydda. Hakutukuta Lydda. Hakutukuta Ramallah, wala hapa Amman hajatukuta.

Mama hakulia. Alisema hakuna maiti, kwa hiyo hakuna matanga. Ila wimbo hautasikika nyumbani kwake mpaka Wajih aje aupige mwenyewe. Wewe uliyesoma niambie, hayo ni nini kama si matanga?

Tulipokuwa tumekaa hapa miaka michache, jirani alitaka kumwoza mwanawe. Desturi unaijua, au huko mmeshaisahau? Huwezi kupiga ngoma ya harusi ubavuni mwa nyumba yenye msiba. Unawaendea kwanza. Unakaa, unapewa kahawa, kikombe unakiweka chini bila kukigusa, unasema haja yako. Wakikubali, unakunywa, na siku hiyo matanga yameanuliwa. Mfiwa hayaanui mwenyewe. Atasema nini kwa watu, kwamba amechoka na mtu wake?

Basi yule mama alikuja, akaweka kikombe chini. Mama yangu akamwambia, "Kunywa kahawa yako, bibi. Hapa hakuna aliyekufa. Pigeni mpendavyo." Yule mwanamke akatoka na aibu yake, na mtaa mzima ukajua: pale hapaulizwi. Baba yako alipooa huko Ramallah hakutuuliza, na simlaumu, jibu alikuwa nalo tangu utotoni. Mimi nilituma mashuka niliyoyadarizi.

Mama alikufa mwaka 1971. Tangu siku hiyo mimi ndiye mwenye nyumba, na hakuna mtu aliyeniuliza kitu.

Halafu wewe, damu yangu, unanitumia mihuri. Unataka mje mmchukue kaka yangu kimya kimya, mumalizane naye huko, mnirudishie kasha lenye sufi. Sitaki. Sizitoi.

Na jambo jingine. Kila mstari Ihab anasema, Ihab atatengeneza, Ihab hajawahi kuona. Huyu fundi wa mitambo ana midomo mingapi? Mficha uchi hazai, mwanangu.

Shangazi yako, ambaye amekasirika lakini hajakuchukia,
Rasmiya


Ramallah, 15 Septemba 1996

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa haya. Nimenyamaza tangu Juni, na safari hii daraja halina kosa. Kila nilipokaa kuandika niliona ile kola.

Baba na Mama wazima. Tini zimekuwa nyingi mwaka huu mpaka tunawapa watu wasiozitaka.

Ulikisia kweli. Ihab ameposa mwezi wa saba. Nilikuficha kwa kuwa niliogopa. Kwanza niliogopa utasema umefurahi na usije, kama ulivyofanya kwa Baba. Halafu, baada ya barua yako, niliogopa zaidi: kwamba nikikutajia harusi sasa utadhani nimetafuta mume ili nipate santuri. Unacheka? Nilikuwa nalia, wallahi.

Siku ya posa mama yake Ihab alikuja na wazee wao. Ni mtu wa Lydda, hazungushi maneno. Kabla hata ya kutaja tarehe aliuliza, "Kwenu kuna nyumba yenye msiba, tuiendee kwanza?" Mama akasema hakuna, tunamshukuru Mungu. Baba alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini akasema, "Ipo. Ipo moja Amman, ya dada yangu." Kisha akaangalia viatu vyake. Yule mama akasema tu, "Basi tutakwenda huko," kama mtu anayekubali kupita sokoni.

Nikaingia jikoni nikaisoma tena barua yako ya Juni. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, kila mara nikiona hasira tu. Siku ile ndipo nikaona kwamba ulinieleza kila kitu, mpaka kikombe kinavyowekwa, na mimi nilikuwa nimeshughulika na kasha la sufi. Ahsante, Shangazi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia habari za Wajih. Umenipa baba mkubwa ambaye sikujua kama alikuwa na ulimi.

Baba anasema haja kama hii haiombwi kwa barua, kwa hiyo siiombi hapa. Watakuja wenyewe, yeye na Ihab na mama yake, daraja likiwaruhusu. Mimi nimenyimwa kibali, nitabaki.

Ila nikuahidi jambo. Hakuna atakayetaja santuri. Nimemwambia mkurugenzi azitoe kwenye hesabu zake, akanuna, amenuna na atazoea. Ihab nimemkataza kuzitaja hata kwa bahati mbaya. Na ukisema hapana, tutafunga ndoa tule wali tuende zetu, bila ngoma, na sitakulaumu mpaka nife. Jibu lako ni lako.

Mwanao,
Rudayna


Amman, 8 Novemba 1996

Bibi harusi wangu,

Mimi mzima, na goti ama limepona ama nimelisahau. Mafuta mapya ya zeituni nimeyapata, makali, yanachoma koo inavyotakiwa. Shukrani nitazigawa vizuri nikifika huko, kwa sababu nakuja.

Sasa kaa nikusimulie, maana wanaume hawasimulii. Baba yako akikuambia "ilikuwa sawa," usimsikilize.

Walifika Jumatatu adhuhuri. Nilijua wanakuja, nimefagia mpaka ngazi za watu wengine, na bado nilifungua mlango nikiwa na pini mdomoni. Adli amezeeka. Nilikuwa nadhani ni mimi tu. Nikawakaribisha, nikapika kahawa, nikaandaa. Baba yako kwa mazoea akataka kupiga funda, mama mkwe wako akamchoma kiwiko. Akakiweka kikombe chini. Akasema, "Dada, binti yetu anaolewa. Tumekuja kuomba ruhusa ya nyumba hii."

Jibu lake nilikuwa nimelitunga tangu mama afe. Nimelishonea magauni mangapi, nikilirudia kichwani. Siku hiyo halikutoka. Kahawa ikapoa, ikafanya ngozi juu. Ihab maskini ya Mungu anaangalia dari. Mwishowe nikasema, "Adli, kunywa kahawa yako." Uso ukamwanguka, akaanza kuinuka. Alidhani namrudishia yale ya mama. Nikamwambia, "Kaa chini, mjinga we. Kunywa kwa sababu nimekubali. Wajih hatakuja, mdogo wangu. Nimekubali."

Tukalia. Sikufichi, tulimlilia kilio chote alichonyimwa, na mama mkwe wako, ambaye hakumjua, alituzidi sisi wenye mtu. Alipomaliza akajipangusa, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha rangi ya komamanga akanifunika nacho mabegani juu ya gauni langu jeusi la matanga. Halafu akauliza kama kuna kahawa ya moto, maana hii ameinywa kwa heshima tu. Huyo mwanamke mshike sana.

Na kweli, hakuna aliyetaja santuri. Tumekula biskuti za kaaki, tumezungumza bei ya mchele na nani kafa na nani kazaa. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na Ihab akawa anakitazama kitanda kama paka aliyekatazwa samaki. Nikamwambia, "Wewe kijana, umepanda ngazi mikono mitupu, lakini dirishani nilikuona umebeba kitu. Umekificha wapi?" Akawa mwekundu mpaka masikio. Alikuwa ameacha gramafoni yake ya sanduku chini ya ngazi, nyuma ya baiskeli ya mtu. Usimgombeze. Ametii nusu, na mume wa kutii nusu ndiye anayefaa.

Nikamwambia ailete. Santuri nikaitoa mimi mwenyewe.

Ana mikono mizuri, Rudayna. Alibadilisha sindano, akaipuliza, akaishusha kama anamlaza mtoto. Kwanza bwana mmoja anatangaza jina la kundi kwa kupiga kelele kama muuza samaki. Kisha udi, kisha ganuni, kisha yeye na fidla yake. Sikumsahau, nilikuwa nadhani nimemsahau. Katikati, mwimbaji anapopumzika, mtu mmoja humo ndani anasema, "Mungu akuweke, Wajih," na mwingine anacheka, kifupi tu, puani. Baba yako akainua kichwa. "Nani huyo anayecheka?" Unakumbuka alikuwa na miaka minane. Sura ya Wajih anaiona kwa mbali, sauti alikuwa hana kabisa.

Nikamwambia, "Kaka yako."

Akamwomba Ihab arudishe sindano. Ihab akarudisha. Akaomba tena. Ihab akamweleza kwa adabu kwamba kila ukirudisha inalika kidogo, afadhali ainakili kwanza. Baba yako akamwambia, "Mkwe, rudisha." Akarudisha.

Nakushukuru, mwanangu. Ulibisha mlango usio wenyewe, kwa mihuri na makaratasi, lakini ulibisha, na kwa kubisha kwako nilipata wa kumsimulia. Waliotangulia kusema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wanajua wanachosema. Mimi nimepona. Nimelala kitandani mwangu siku hizi nikijua kuna nini chini yake, na sioni uzito.

Santuri nitakuja nazo mwenyewe, mapajani, kama alivyokuja baba yako. Mzinakili zote, wazisikie wale wanaosema tulikuwa hatuna chetu. Mkurugenzi mwambie aache kununa. Na kwenye maandishi yenu muandike kwamba anayecheka ni Wajih, mpiga fidla, mtoto wa Yafa. Ihab anasema mitambo yake inaweza kusafisha kelele. Kicheko kisiguswe. Atakayekisafisha nitamsafisha mimi.

Nitumie vipimo vyako upesi. Wakupime asubuhi, kabla hujala.

Nilisahau kukuambia. Ile mara ya tatu santuri inazunguka, mlango ukapigwa kwa nguvu. Mama Ghazi wa ghorofa ya juu, jirani yangu wa miaka yote, na ndala mguu mmoja, anahema. Kwangu hajapata kusikia hata redio. Aliposikia fidla akajua nimekufa na wageni wamekuja kugawana vitu. Akaangalia vikombe, akamwangalia Adli aliyelowa uso mzima, akaangalia kitambaa mabegani mwangu. "Rasmiya, kwako kuna nini?"

Nikamwambia, "Kuna harusi."

Akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele pale pale kizingitini, vikashuka ngazi zote mpaka barabarani, kabla hajauliza ni nani anayeolewa.

Shangazi yako,
Rasmiya